Uchaguzi unapoingia mwilini: hofu, usingizi na akili zetu msimu wa kura

Uchaguzi ukikaribia Zanzibar, maradhi hubadilishwa majina. Bi mkubwa anayeamka saa nane usiku moyo ukimwenda mbio huambiwa presha imepanda. Kijana aliyekuwa mcheshi akawa anafoka nyumbani kwa kila neno, siasa zimempanda kichwani. Binti anayeshtuka usingizini akilia, hapo tena ni shetani, aitwe maalim amsomee. Na yule anayesema waziwazi kwamba anaogopa huchekwa barazani: "Hebu jikaze bwana, kwani huu ndo uchaguzi wako wa kwanza?" Huenda wote wanne wana jambo moja. Ila kila mmoja amepewa jina lake, kwa hiyo mmoja anapewa kidonge, wa pili anaachwa, wa tatu anaandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa maji yake, wa nne anachekwa.

Tuyapange majina kwanza, maana hapo ndipo tunapopotezana. Hofu ni ya kitu kilicho mbele yako: gari la vikosi limesimama mlangoni, unaogopa. Wasiwasi ni wa kitu ambacho hakijafika, na pengine hakitofika. Msongo wa mawazo ni hali ya kubebeshwa mambo mengi kuliko unavyohisi unaweza kuyamudu, tena kwa muda mrefu. Hayo matatu si ugonjwa. Kila mwenye akili timamu huyapata, na kutoyapata kabisa ndiko kungekuwa kwa kutia shaka.

Ugonjwa ni kitu kingine. Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu ulichokipenda, kunapokuganda karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikaharibika, ukajiona huna thamani. Kiwewe ni jeraha linalobaki akilini baada ya kuona au kufanyiwa jambo la kutisha. Tukio limekwisha lakini linarudi kwenye ndoto na mchana kweupe, mtu anakwepa njia au sauti inayomkumbusha, anaruka kwa mlango kubamizwa. Siku za mwanzo baada ya tukio hali hiyo ni ya kawaida. Ikivuka mwezi bila kupungua ndipo inapohitaji tiba.

Sasa tuangalie mwili wenyewe unafanya nini. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika, hawahitaji kufundishwa jenereta ni kitu gani. Usiku wa kwanza ni neema: taa zinawaka, friji linafanya kazi. Wiki ya tatu ni balaa: mafuta hayashikiki kwa bei, kelele hazilaliki, mashine inachemka na fundi hapatikani. Mwili nao una jenereta yake. Ubongo ukihisi hatari huamrisha tezi zilizo juu ya mafigo zimwage adrenalini, na nyuma yake homoni nyingine iitwayo kotisoli. Moyo unakwenda mbio ili damu ifike kwenye misuli, pumzi inakuwa fupi, kijasho chembamba kinatoka, tumbo linavurugika kwa sababu kusaga chakula si kazi ya wakati huo. Huo si ugonjwa wa moyo wala jini. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana, na kwa dakika kumi ni maandalizi mazuri sana.

Kasoro yake ni kwamba jenereta hii haizimwi kwa kuamrishwa. Inaunguruma maadamu ubongo unaamini giza bado lipo. Na msimu wa uchaguzi kwetu si siku moja ya kutumbukiza karatasi. Unaanza kwenye uandikishaji, nani kapata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na nani kakataliwa na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, unapita kwenye mikutano ya Kibanda Maiti na Gombani ya Kale, unaingia kura, unaingia matokeo, na wakati mwingine unaendelea baada ya matokeo. Hiyo ni miezi. Mwili ulioundwa kuhimili dakika kumi unadaiwa nusu mwaka, ndipo unapoona kichwa kinagonga kila alasiri, mgongo unauma bila kubeba kitu, na presha ya mtu aliyekuwa ameidhibiti inaanza kucheza.

Wapo wanaouliza, hasa wageni, kwa nini watu wa visiwa vidogo hivi wachukulie kura kama vita. Jibu ni kwamba ubongo hujifunza. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68, na kuna wazee walio hai waliozishuhudia wakiwa watoto. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa kufuatia maandamano, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mwanamke wa Wete au Micheweni aliyekuwa msichana mwaka ule leo ana watoto wakubwa. Akisikia gari zito usiku wiki ya kura, mwili wake haungoji kuuliza ni gari la nani. Watoto wake hawakuwapo 2001, lakini wamejifunza kutoka usoni kwake.

Haina maana kwamba tumezaliwa hivi. Baada ya Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya CCM na CUF, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, na uchaguzi wa Oktoba ile ukapita shwari. Watu ni wale wale, visiwa ni vile vile. Kilichobadilika ni mazingira. Ndiyo maana nisingependa mtu asome makala haya akadhani nasema dawa ya siasa mbovu ni kuvuta pumzi. Kumwambia mtu atulize moyo wakati anayemtisha anaachwa aendelee kumtisha ni kumdhihaki. Haki ina pahala pake pa kudaiwa. Hapa tunazungumza namna ya kubaki mzima wakati unaidai, au wakati unaisubiri.

Na kusubiri ndiko kunakochosha kuliko yote. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: kisia iwapo chini ya jiwe pana nyoka, na akiwapo unapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Msongo uliwapanda zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko pale walipokuwa na yakini kwamba wanapigwa. Yaani mwili unastahimili baya linalojulikana kuliko lisilojulikana. Ukilichukua hilo ukalileta kwetu, utaelewa kwa nini 2015 iliwamaliza watu. Kura ilipigwa tarehe 25 Oktoba, tarehe 28 uchaguzi ukafutwa, na wa marudio ukaja tarehe 20 Machi 2016. Takriban miezi mitano ya nusu kwa nusu.

Ubongo uliokosa yakini huitafuta popote, na siku hizi huitafuta kwenye simu. Sikiliza ile sauti ya WhatsApp inayoletwa barazani usiku wa matokeo. Huanza na salamu, tena ndefu. Halafu: "Ndugu zangu, nimepigiwa sasa hivi na mtu aliye ndani." Mtu huyo hana jina. Sauti imeshushwa kama anayenong'ona, nyuma yake mtoto analia au pikipiki inapita, na hayo ndiyo yanayoifanya isikike ya kweli. Kuna mtaa unatajwa, kuna saa inatajwa, na mwisho: "Tuma kwa kila unayempenda kabla hawajaifuta." Watu wameinamia simu moja, kahawa imepoa vikombeni. Hakuna aliyeuliza imerekodiwa lini. Inaweza kuwa ya uchaguzi uliopita.

Utasema, kusikia habari si kuumia. Kwa kiasi fulani si kweli. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Marekani, mwaka 2013, watafiti waliwauliza maelfu ya watu hali zao. Waliofuatilia habari za tukio lile kwa saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki iliyofuata, waliripoti dalili kali za msongo kuliko hata waliokuwapo kwenye mabomu. Picha inayorudiwa mara thelathini hupigia ubongo kengele mara thelathini. Wakati wa uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 tuliyaonja yote mawili: kwanza intaneti ilizimwa na wenye jamaa Bara wakakaa siku kadhaa bila kujua hali zao, kisha ikarudi na klipu za ghasia zikamiminika kwa mkupuo. Kuna waliokaa usiku mzima wakifungua moja baada ya nyingine, wakitafuta uso wanaoujua.

Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini kutafuta ndugu yako ni jambo moja, na kuangalia maiti ya usiyemjua mara ya tano ni jingine. La kwanza linakwisha ukipiga simu ukampata. La pili halina mwisho. Kinachosaidia ni kuchagua nyakati mbili za habari, tuseme baada ya alasiri na baada ya isha, kutoka chombo kimoja au viwili unavyoviamini, na kuzima upakuaji wa video wa WhatsApp ili klipu isijifungue yenyewe. Na sauti isiyo na jina wala tarehe isitoke kwako kwenda kwa mwingine. Sura ya Hujurat, aya ya 6, imetuagiza kuchunguza habari tunayoletewa na mpotovu kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Anayetuma "tahadhari" kwa nia njema aweza kumuua mgonjwa wa moyo wa jirani yake.

Usiku unahitaji maelezo yake, maana Zanzibar tuna kisa ambacho vitabu vya nchi nyingine vinatuonea wivu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hofu ya Popobawa, shetani anayesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ililipuka Pemba wakati wa Ramadhani ikavuka hadi Unguja. Walioyapata walisimulia mambo yanayofanana: umelala, unaamka, huwezi kuinua hata kidole, kifua kimekandamizwa, kuna kitu chumbani, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Watu wakahama vitanda, wakalala nje kwa makundi kuzunguka moto. Wengine wakaitafsiri hofu hiyo kisiasa. Na mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa ndiye.

Waliosimulia hawakuwa waongo. Wahenga walikuwa na jina la hali ile kabla ya Popobawa: kukabwa na jinamizi. Ukiwa ndotoni, ubongo hufunga misuli ya mwili ili usije ukakimbia kweli unapoota unakimbia. Mara moja moja akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yako wazi, chumba unakiona, mwili haujibu, na mabaki ya ndoto yanaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, halafu huachia. Haiui. Huja zaidi kwa mwenye wasiwasi, kwa aliyekesha, kwa anayelala saa zisizoeleweka, na kwa anayelala chali.

Tazama basi mzunguko wake. Mji una wasiwasi wa siasa, watu hawalali vizuri. Wasiolala wanakabwa na jinamizi. Wakikabwa wanasimulia, mtaa mzima unaogopa, watu wanakesha nje kulinda, na anayekesha ndiye anayekabwa kesho. Atakayeamini kwamba kuna kitu zaidi ya hapo, aamini. Mimi nasema tu kwamba usingizi ndio mlango wa kwanza wa kuufunga, kwa sababu ndio pekee ambao funguo tunao. Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa. Kahawa chungu ya saa tatu usiku, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nane. Kwa hiyo kunywa ya alasiri, ukae barazani na chai ya tangawizi. Simu ilale chumba kingine. Amka saa ile ile hata kama ulichelewa kulala. Ukishtuka usiku usipigane na usingizi: kaa kitako, vuta pumzi taratibu kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita au saba, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka ni njia mojawapo tuliyonayo ya kuuambia moyo upunguze mwendo. Wanaoleta uradi kwa utulivu wanalijua hili bila kufundishwa.

Nije kwenye kususiana, jambo ambalo kiafya nalichukia kuliko matusi ya majukwaani. Enzi za Zama za Siasa, miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi ya 1964, watu waliacha kununua kwenye duka la wa chama kingine, harusi zikakosa watu, na wapo walioachwa bila wa kuwazika. Baada ya Machi 2016 yakarudi Pemba: huyu hauziwi, yule hapandi gari hii, mgonjwa hatazamwi. Aliyesusiwa na mwenye kususa wote wanaona wanatetea heshima. Lakini katika vinavyomkinga sana binadamu na sonona ni kuwa na watu: wa kumgongea mlango, wa kumpa kisahani cha futari, wa kumuuliza mbona leo huonekani. Tunakikata kitu hicho wakati ule ule jenereta zimewaka nyumba zote. Mwenye kuishi peke yake, mjane, kijana aliyerudi kutoka Oman hana kazi, hao ndio wanaoporomoka mwanzo. Kama huwezi kuzungumza siasa na jirani wa chama kingine bila kugombana, msizungumze. Mpelekee mgonjwa wake uji na urudi kwako.

Kuna maneno yanayorudiwa mno, yafaa yajibiwe. La kwanza ni kwamba wasiwasi ni upungufu wa imani. Mwenye imani thabiti akikosa usingizi siku nne moyo wake utakwenda mbio kama wa mwingine yeyote, kwa sababu adrenalini haiulizi. Swala na dhikri huwasaidia wengi, na kwenda hospitali hakuzibatilishi.

La pili, kwamba aliyeona jambo la kutisha alazimishwe kusimulia yote ili "limtoke". Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Mtu wa namna hiyo anahitaji kwanza usalama, maji, chakula, kujua watoto wake wako wapi, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza na bila kumwambia "wenzako walifikwa na makubwa zaidi". Akinyamaza, nyamaza naye.

La tatu lina hatari zaidi: kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua unamtia wazo. Humtii. Anayelifikiria mara nyingi hupata nafuu kwa kuulizwa waziwazi na mtu asiyemhukumu. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na vidonge vya usingizi vinavyopitishwa mkono kwa mkono, "chukua hiki, mimi kimenisaidia", viacheni. Baadhi humfanya mtu avitegemee ndani ya wiki chache, na kuviacha ghafla huleta wasiwasi mbaya kuliko wa mwanzo. Kinyume chake, dawa za presha, sukari na kifafa zisikatizwe hata siku moja. Chukua za wiki mbili mapema, kwani siku za kura maduka hufungwa na gari huadimika.

Watoto husahauliwa. Skuli zimegeuzwa vituo vya kura, wako nyumbani, wanasikia kila kitu kupitia ukutani. Mwambie mtoto ukweli mfupi: watu wanachagua viongozi, wengine wamekasirika, sisi tuko nyumbani na mlango umefungwa. Aliyeanza kukojoa kitandani baada ya kuacha zamani anakueleza kwamba anaogopa, na kumpiga kutamwongezea.

Lini basi uende hospitali? Dalili zikivuka wiki mbili bila kupungua, ukishindwa kufanya kazi au kuhudumia watoto, ukianza kusikia sauti wasizosikia wengine, ukikaa siku kadhaa bila kulala kabisa, au ukitamani kufa. Na kifua kikibana kwa maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, usijitibu kwa pumzi: hilo lipelekwe hospitali hapo hapo, likaonekane kama ni moyo. Unguja ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, jina ambalo tumeligeuza tusi la mtaani, kiasi kwamba mtu yuko radhi aangamie kwake kuliko kuonekana getini. Ndani wamo wauguzi na madaktari wanaotibu usingizi uliopotea na huzuni isiyoondoka, na wengi wa wanaokwenda hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na dawa zao. Pemba, anza hospitali iliyo karibu nawe, Chake Chake, Wete au Mkoani, useme unataka kuonana na wa afya ya akili.

Ukifika, sema dalili kama zilivyo: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, tangu lini, unakula vipi, una maradhi gani mengine. Huna haja ya kueleza umempigia nani kura, na muuguzi anayejua kazi yake hatokuuliza. Kama ulipitia kwanza kwa mganga au kwa maalim si neno, lakini mwambie daktari kila ulichokunywa, kombe, mizizi, chochote, maana baadhi ya dawa hazipatani. Na nenda na mtu mmoja unayemwamini, kwani mwenye msongo husahau nusu ya anayoambiwa kabla hajafika kituo cha gari.